Mwezi wa Ghorofa Yetu

Askari wa mlangoni aliniuliza ninaenda wapi. Mimi! Katika jengo nililokulia, ambalo ngazi zake nilizipanda nikiwa pekupeku, nimweleze mtu aliyekuja juzi ninaenda wapi. Nikamwambia ninampeleka nyanya yangu juu ya paa akautazame mwezi wa Idi. Akatutazama kwa zamu, nyanya ameshika ukuta akitafuta pumzi. "Madam, huko juu kumefungwa," akasema. "Ni mitambo ya simu iko hapo."

Ngoja nikueleze, rafiki yangu, ujue kwa nini damu ilinichemka.

Sisi tulikaa mjini, na nikisema mjini ninamaanisha mjini hasa, kule chini kwenye maduka, ambako leo ukimwambia mtu ulizaliwa huko anadhani mlikuwa mkilala chini ya kaunta. Nyanya alitoka Mombasa kumfuata babu na biashara yake ya vitambaa, babu akafariki, nyanya akabaki na duka na mimi. Duka chini, vyumba juu, na juu kabisa paa la saruji lililokuwa ua wetu. Milango ya chuma ya maduka ndiyo iliyotuamsha, ikipandishwa mmoja baada ya mwingine, kisha mikokoteni, kisha harufu ya mandazi iliyochanganyika na moshi wa magari. Kazi yangu ilikuwa kuanua nguo kabla masizi hayajazikalia, na kufukuza njiwa kwenye pilipili za nyanya zilizoanikwa kwenye ungo.

Kamba ya pili ya nguo ilikuwa ya mama jirani, mshonaji wa sare za shule, Mkristo kutoka magharibi mwa nchi. Yeye alianika omena, dagaa wa kwao. Nyanya alilalamika juu ya harufu ile kila wiki ya Mungu, na kila wiki akaletewa bakuli, akala, akarudisha bakuli na viazi karai ndani. "Heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali," alisema, "hata akinuka samaki."

Sasa, Ramadhani ikifika ukingoni, jengo zima lilipanda juu wakati wa magharibi kuutafuta mwezi. Mwalimu wa madrasa, aliyefundisha kwenye chumba cha ghorofa ya kwanza, alitangulia na kanzu yake. Mama jirani naye hakukosa, maana pilau ya Idi ilimhusu. Redio ilikuwepo, lakini nyanya hakufungua kwa mwezi wa redio. "Redio ina mdomo," alisema, "macho haina." Ilikuwa lazima auone mwenyewe, na akishauona jengo zima lilipiga takbira na watoto tukatoka mbio kupaka hina.

Mwaka mmoja mawingu yalitanda, sote tumekaza shingo, na mama jirani akaruka. "Mama, si ule pale! Ona hapo, kando ya ile nyumba ndefu!" Kweli, kulikuwa na kitu chembamba, cheupe, kimepinda vizuri. Mwalimu akauona. Nyanya akauona, akalia machozi. Mimi niliuona kabla ya wote, au ndivyo nilivyodai. Usiku huo sufuria hazikulala.

Asubuhi tukashuka tumevaa vipya, mimi na gauni la nyuzi za dhahabu lililokuwa likinikwaruza shingo. Muuza viatu wa chini, Mwislamu mwenzetu, alikuwa anafungua duka, midomo imemkauka kwa saumu. "Leo mnaenda harusi ya nani?" akauliza. Msikitini hapakuwa na Idi. Na jioni mwezi wetu ulikuwa pale pale, haujasogea, haujanenepa. Ilikuwa taa ya kibao cha benki mpya, iliyowashwa mara ya kwanza jioni ile.

"Benki imetufungulisha!" nyanya alifoka, na mwalimu hakutoka chumbani kwake mpaka Idi ya kweli ikapita. Nyanya alipoilipa ile siku ya saumu, mama jirani alifunga naye, eti kidole kilichoonyesha kilikuwa chake. Alishona tangu asubuhi bila tone la maji. Adhana ya magharibi ilipolia alishika tende kwa mikono miwili. "Aki mama," akasema, "hii njaa yenu ni ya ukweli." Nyanya alicheka mpaka akakaa chini.

Tulikuwa tunajua nani kaona, unanielewa? Hata tulipokosea, tulikosea na watu.

Kisha minara ya maofisi ya Upper Hill ikaanza kuota, na kila mwaka anga la magharibi likapunguzwa kipande. Mwenye jengo akapandisha kodi, akakata vyumba kuwa vibanda vya nguo. Mwalimu akarudi Mombasa. Mama jirani akarudi kwao, na sasa ni sauti tu ya simu, siku mtandao ukikubali. Mimi nikaolewa Loresho, nikamchukua nyanya, nikampa chumba chenye bustani. Huko ni miti na kuta. Mwezi unatufikia ukiwa mzee.

Mwaka huu daktari wa macho kule Parklands aliniambia nisimfiche nyanya: presha ya macho imeshamla, kufikia Ramadhani ijayo hataona kitu. Nikamwambia. Akasema anataka mwezi mmoja tu, kutoka paa letu. Nilimweleza kwamba minara imeziba. Akasema anajua upenyo.

Nilipiga simu kwa mwenye jengo, akanituma kwa wakala, wakala akanituma kwa watu wa mitambo, nao wakaniambia niongee na mwenye jengo. Tukaenda hivyo hivyo. Askari alituonea huruma, akatuacha tupande kati ya masanamu ya kuuzia nguo, nyanya akipumzika kila ghorofa, mpaka ngazi ya mwisho. Mlango wa chuma. Kufuli kubwa, mpya. "Pole, shosho," askari akamwambia nyanya, nyuma yetu. "Funguo hata mimi sina."

Mwanga uliopita chini ya mlango ulikuwa umeshakuwa mwekundu. Niliupiga teke mlango ule, mimi mtu mzima, mama wa watoto. Ndipo simu yangu ikalia mfukoni: mwezi umeonekana, Idi ni kesho. Ujumbe wenyewe huenda ulipita kwenye mitambo ile ile, hatua chache nyuma ya chuma.

"Nyanya, umeonekana," nikasema, nikamwonyesha kioo cha simu, kana kwamba angeweza kukisoma.

"Umeonwa na nani?"

Nikateremsha ujumbe hadi mwisho, nikaupandisha tena nikitafuta jina la mtu. Halikuwepo. Nyanya alisimama akingoja jibu, uso ameuelekeza mlangoni, mpaka mwanga uliokuwa chini ya mlango ukaisha.