Mbung'o Kumi na Tisa na Ndege Mmoja

"Mama Kalisti, mtu mzima kama wewe, huo mchanga kifuani umeutoa wapi? Na Mabula anacheka nini?"

Mwanaidi, jirani yangu mwenye duka, aliniuliza hivyo mbele ya wateja. Kicheko kilinizidi, nikapita. Sasa namjibu kwa maandishi.

Mabula ni mtu wa mbung'o, serikali humlipa awahesabu wale nzi wa malale. Tangu vita vya Wazungu viishe, kila asubuhi yeye na mwenzake hubeba kitambaa cheusi kilichofungwa kwenye fito, wakapita porini kandokando ya mto Manonga. Mbung'o hupenda rangi nyeusi. Wakishatua kwenye kitambaa, Mabula huwahesabu na kuchora vijiti daftarini, kijiti kimoja mbung'o mmoja. Shule hakwenda, lakini vijiti vyake havijawahi kukosea.

Kinachomponza ni macho yake. Mwaka juzi alimwona ndege ambaye wazee wetu hawana jina lake. Mwenzake alikuwa upande wa pili wa kitambaa, hakuona kitu. Mabula akamchora yule ndege pembeni mwa daftari. Msimamizi wao, Nyapara Onesmo, akamwambia, "Huyu ni kuku aliyelewa. Daftari la mbung'o ni la mbung'o. Ukiniletea ndege tena bila shahidi, kitambaa atabeba mwingine."

Novemba hii, mto ukiwa mchanga mtupu, Mabula akaja kwangu anahema.

"Mama Kalisti, amerudi. Yuko chini ya mikuyu. Niandikie."

"Niandike nisichokiona? Amri ya nane unaijua: usiseme uongo."

"Basi twende ukaone. Ila usikohoe."

Nikaenda nilivyo, rozari mkononi na kaniki yangu nyeusi mwilini. Hapo ndipo nilipokosea. Mwenzake alibaki nyuma na kitambaa kimekunjwa, mimi na Mabula tukalala kifudifudi mchangani.

Akatokea. Mgongo kijani, tumbo la chini jekundu kama limechovywa kwenye rangi, begani vitone vya samawati vinavyong'aa, na machoni mstari mweusi kama mwizi aliyejifunga kitambaa. Hatembei, anarukaruka kama chura. Akapanda tawini, akajirusha juu kidogo, akarudi palepale, mbawa zikilia prrup. Akarudia. Moyo wangu ukawa unaruka naye.

Wakati huo mbung'o wa Manonga nzima walikuwa wameiona kaniki. Wananing'ata, na nikijipiga ndege ataruka. Nikauma rozari. Pembeni nasikia mnong'ono.

"Kumi na sita. Kumi na saba. Mama, kitambaa cha serikali hakikufikii."

"Nitakuchapa, Mabula."

"Baadaye. Kumi na tisa."

Nikacheka, ndege akaenda zake.

Nyumbani nikaandika yote, rangi kwa rangi, nikatia jina langu. Mabula akaniambia nimsomee. Nikasoma.

"Mbung'o hujawaweka."

"Mgongo wangu uingie kwenye daftari la serikali?"

"Ni kazi yangu, siwezi kuwaficha. Na amri ya nane unaijua, Mama."

Nikaandika: mgongoni mwa Mama Kalisti, mbung'o kumi na tisa.

Tukampelekea Onesmo. Alisoma amekunja uso kama mtu anayemeza mwarobaini, na Mabula hakuondoa macho kwenye kile kitambaa kilichoegemezwa ukutani. Onesmo alipofika penye mgongo wangu akakohoa, akavua miwani, akanitazama, akainama juu ya meza mabega yakimtikisika.

"Mtu wa kutunga angetunga ndege," alisema mwishowe. "Mgongo huu asingeutunga." Akatia sahihi. "Chukua kitambaa chako, Mabula. Kesho mapema."

Njia nzima Mabula alirukaruka kama yule ndege, na mimi nyuma yake nikishika mbavu, ndivyo tukapita mbele ya duka la Mwanaidi.

Jana Mabula alisimama mlangoni kwangu, mzima wa afya, daftari kwapani. Akaniomba:

"Mama Kalisti, siku ya kunizika, usiwasomee watu nilizaliwa lini. Wasomee ukurasa wa yule ndege. Na wale kumi na tisa usiwaruke."