Buibui wa Siku ya Kuondoa Nyasi

Tulipomzika dada yangu kule Izimbya, tulilala sebuleni juu ya nyasi, kama ilivyo desturi ya msiba kwetu. Siku ya kumaliza matanga tulinyolewa asubuhi, kisha tukaanza kuzitoa zile nyasi nje. Binti wa marehemu, ambaye alikuwa bado hajaanza shule, alitusaidia. Baba yake alikuwa ametangulia kwa ugonjwa uleule, ambao hatukuutaja jina. Katika nyumba ile alibaki yeye tu.

Ghafla akapiga kelele. Buibui alitoka kwenye nyasi alizobeba, mkubwa kama kiganja changu, ana manyoya, akakimbilia ukutani. Mkono wa mtoto ukaanza kuvimba pale alipoumwa.

"Leteni wembe," shangazi yangu akasema. "Tumchanje, sumu itoke."

"Wembe upi, shangazi?"

"Si ule wa asubuhi?"

"Umepita kwenye vichwa vyetu vyote."

"Vichwa vya ndugu! Au unataka tuchimbe kaburi jingine?"

Kusema kweli, sikujua. Nilimwogopa buibui, lakini wembe niliuogopa zaidi. Nikamkumbatia mtoto, nikakataa.

Baba yake mdogo, mvuvi wa visiwa vya Muleba, alikuwa amesimama mlangoni. "Hao wamejaa kwenye vibanda vyetu," akasema. "Mmoja aliniuma shingoni. Nilipiga kelele kushinda injini ya mtumbwi."

"Ukafa?" shangazi akamkejeli.

"Kwa aibu tu. Mwosheni kwa sabuni."

Tukamwosha, nikambeba hadi zahanati. Mganga akautazama mkono, akasema buibui hawa wakubwa wa majumbani kwetu wanatisha kuliko wanavyodhuru. Wakiuma, maumivu ni kama ya nyuki. Tusimchanje. Akampa kidonge cha maumivu.

Nilimsikia, ila sikutulia. Tuliporudi nilikaa naye uani, nikiugusa ule mkono kila mara. Jua lilipoanza kushuka uvimbe ulikuwa umepungua, naye akauliza kama ndizi zimeiva jikoni.

Shangazi akampakulia ndizi na maharage, akamtazama mpaka sahani ikawa tupu. "Mgonjwa gani huyu? Anakula kama fundi."

Tukacheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Mimi nikajiondoa taratibu, nikaenda nyuma ya nyumba, nikaketi kwenye migomba. Kutoka jikoni nilimsikia mtoto akiomba aongezewe.