Vibali Viwili vya Pangoni

Mama alifundisha jiografia huko Giakanja mpaka akastaafu, na kila mwaka alichora ubaoni mto unaoingia chini ya mlima wa chokaa na kutokea upande wa pili. Hakuwahi kuuona mto kama huo. Siku daktari wa macho mjini Nyeri alipomwambia kwamba presha ya macho ingemnyang'anya nuru polepole, alitoka nje, akafunga kitambaa chake cha kichwa upya, akaniambia, "Basi nipeleke kwa hiyo pango nikiwa bado naona."

Mimi ni mtu wa kupanga. Nilipata pango la aina hiyo katika kisiwa kimoja cha Asia, ndani ya hifadhi, ambako watu hupitishwa gizani kwa mashua ndogo za makasia. Huingii bila kibali, na vibali vya siku vina kikomo. Nikaandikiana na mwongoza watalii wa huko, mwanamke mwenye subira kunishinda. Alinieleza kuwa mvua ikijaza mto mashua haziingii, akatuwekea nafasi mbili za kiangazi, mwezi wa Desemba.

Kisha kahawa ikaiva.

Watu wa kwetu watanielewa, wengine watanicheka. Shamba zima lilikuwa jekundu, na kahawa ikishachumwa sharti ifike kiwandani siku hiyo hiyo. Niliona haya majirani waione ikianguka chini, ati mwenyewe amepanda ndege kwenda kutazama shimo. Nikaahirisha safari.

"Pango haina miguu, Mami," nikamwambia.

"Haya," akasema, akachukua kikapu chake, akachuma pamoja nami. Nilimwona akichuma matunda mabichi pamoja na mekundu. Nilimwona, nikanyamaza, na jioni nikayachambua mwenyewe. Hilo sijajisamehe.

Mwaka uliofuata niliomba vibali tena, lakini kufikia hapo mama alitambua mchana na usiku tu. Sikukubali kushindwa. Nilijiambia nitakuwa macho yake, nitaketi ubavuni mwake nikimsimulia kila jiwe linaloning'inia. Hata nilifanya mazoezi: sokoni nilimtajia rangi ya kila kitu mpaka akaniambia nimpumzishe masikio.

Wiki tatu kabla ya kuondoka, mwongoza watalii alituma masharti. Nilimsomea mama jikoni, naye akichambua maharagwe kwa vidole kwenye sinia magotini. Tuvae kofia ngumu. Tusiguse kuta. Sharti la tatu nililisoma kimoyomoyo mara mbili kabla ya kulitamka: ndani ya pango hakuna kuzungumza, hata kunong'ona, kwa ajili ya popo na ndege wanaozaliana humo.

Vidole vyake vikasimama, akaiweka sinia mezani. "Hutaongea?"

"Hawakubali, Mami."

"Sasa niende mbali hivyo kukaa kwa giza? Giza niko nayo hapa, na hii haitaki kibali."

Alicheka kidogo ili nisilie. Nililia.

Papo hapo nilimwandikia yule mwanamke awape wengine nafasi zetu. Nilipokuwa nikiweka simu mezani, mama akairudisha sinia magotini.

"Nisomee hayo mengine," akasema.

Nikamsomea masharti yote, moja baada ya jingine, kama watu wanaosafiri kesho. Nilipomaliza alipitisha maharagwe mikononi.

"Kwa mashua tungekaa mbele ama nyuma?"

"Mbele kabisa, Mami," nikamwambia, ingawa hapakuwa na mahali palipoandikwa hivyo.