Mkulima Asiyejua Mahindi

Nilianza kumshuku yule mzee Mwingereza siku aliponiamuru nichuchumae. Nilikuwa nimeangusha kijiko karibu na kitanda chake, kwenye nyumba ya wazee nilikofanya kazi kule mji wa Falls Church, Marekani, naye akasema kwa Kiswahili kilichonyooka, "Chuchumaa. Mikono kichwani." Kisha akaendelea na uji wake.

Binti yake alinieleza kwamba babake aliishi Kenya miaka ya hamsini, akishughulika na kilimo. Nikaitikia kwa adabu. Moyoni nikasema, haya, tutaona. Kila nilipomlisha nilimtupia neno: mahindi, jembe, ng'ombe, mvua. Hakujua hata moja. Lakini alijua vua, simama, kimya, na alijua kuhesabu hadi tano, tena na tena, bila kufika sita. Mkulima gani huyo?

Baba yangu alifungwa katika kambi ya kizuizini wakati Waingereza walipopigana na Mau Mau. Waliwachuchumaza wafungwa watano watano, mikono kichwani, askari akipita na rungu akigonga kila kichwa kama mtu anayechagua maboga sokoni. Nyumbani kwetu hatukuruhusiwa kupanga vitu vitano vitano, hata mahindi ya kuchoma.

Basi nikapekua. Mzee akiwa amelala nilifungua droo zake nikitafuta picha, barua, chochote. Nilipata soksi tu. Hilo nalo likanizidishia shaka, maana ni nani asiye na picha hata moja ya ujana wake?

Asubuhi moja nikamwacha kwenye kiti cha kuogea, uchi, maji yakimchuruzika, nami nimesimama mlangoni na taulo mkononi. Alitetemeka. Aliita. Sikuitika. Naona haya kulisema, lakini wakati ule nilisikia raha.

Jumapili, baada ya ibada, nilinunua kadi ya simu nikampigia baba. Nilimwambia yote, hata la taulo, nikingoja anisifu. Nilitaka anitajie kambi, aeleze sura ya yule askari, ili nimjue mtu wangu.

"Huyo mzee anaitwa nani?" baba akauliza.

Jina lake lilikuwa kwenye chupa za dawa nilizofungua kila siku kwa miezi saba. Halikunijia.

"Sisi humwita Room Four, namba ya chumba chake," nikasema.

"Mimi waliniita Mia Mbili na Kumi," baba akasema. "Kesho mpe taulo, mama."

Mpaka leo sijui kama alikuwa yeye, na shaka haijanitoka. Jumatatu nilisoma ile chupa kwanza, nikabisha hodi, nikamwita kwa jina lake huku nimeshika taulo. Alipoona ni mimi, akaweka mikono kichwani.