Mtoto Anayetazama Pembeni

Dorothy alikuwa amechoka, na uchovu wake haukuwa wa cherehani. Cherehani ameizoea, miaka yote anashona barazani mwa duka la vifaa vya ujenzi mjini Mbinga, na mgongo ukimuuma anajua pa kuukanda. Uchovu huu ulikuwa wa simu. Alipoinunua ile kubwa aliinunulia kazi, wateja wamtumie mitindo ya vitenge, naye awaonyeshe magauni aliyomaliza. Mwanzo ulikuwa mzuri. Halafu yakaja makundi. Kundi la jumuiya, kundi la waliosoma pamoja, kundi la mafundi, kundi la ukoo wa mume, kundi la ukoo wake mwenyewe, na kundi la waliokasirika wakatoka kwenye kundi la ukoo. Kabla hajanawa uso ameshaitikia amina kwa watu asiowajua, ameshawapa pole wafiwa wa Dodoma, na ameshagombana na shemeji yake wa Namswea juu ya jambo ambalo ukimwuliza leo hakumbuki lilikuwa nini.

Mumewe Othmar, ambaye kahawa yake iko Mbuji na maneno yake ni ya kuhesabu, alimwambia siku moja, "Mama Bena, wewe hukai tena na watu. Unakaa na habari zao." Dorothy akacheka, akaendelea kutelezesha kidole.

Pasaka iliyopita alikwenda kumwona mama yake, Bibi Violet, kule Liuli kando ya ziwa. Mama alikuwa ameanza kudhoofika, ila akili yake ilikuwa nzima kabisa. Baada ya chakula akatoa mkebe wa biskuti uliochakaa rangi, akaufungua mapajani. Ndani zilikuwa picha za zamani, nyeusi na nyeupe, nyingine zimekunjamana kwa unyevu.

"Kaa hapa nikuambie hizi," alisema mama.

Dorothy alikaa. Lakini kwanza akatoa simu, akazipanga picha mkekani, akazipiga moja baada ya nyingine, haraka haraka, kama mtu anayeanua nguo mvua ikinyesha. Alipomaliza akamwonyesha mama kioo. "Ziko salama sasa, mama. Hata nyumba ikiungua hazipotei."

Mama aliangalia simu, akamwangalia binti yake. "Ee," akasema. "Haya." Akaufunga mkebe. Dorothy akaendelea kujibu ujumbe wa mteja aliyekuwa anadai gauni la harusi.

Picha zilikuwa salama kweli. Maneno ndiyo yaliyobaki kwa mama, na mwezi wa saba mama akaondoka nayo.

Alizikwa Liuli, watu wakawa wengi, na matanga yakapita. Ukoo ukakubaliana kwamba kaburi lijengwe kwa saruji kabla mvua hazijaanza, padri abariki msalaba, na pawekwe picha ya marehemu juu ya kigae, kama watu wanavyofanya siku hizi. Kigae kingechapwa Songea. Picha ikaachiwa Dorothy, kwa sababu wote walijua yeye ndiye mwenye picha. Iliyokuwapo ya uzeeni ni ya kitambulisho tu, na picha za vitambulisho mnazijua, kila mtu humo anafanana na mshitakiwa. Dorothy hakutaka mama yake akae juani miaka na miaka na sura ya kushitakiwa. Alitaka sura ya ujana.

Nayo alikuwa nayo. Katika zile za mkebe ilikuwapo ya mwanamke kijana aliyeketi kwenye kiti pwani, nyuma yake jiwe la Pomonda, amempakata mtoto mchanga. Mtoto ni Dorothy, hilo alilijua tangu utotoni, maana mama alikuwa akisema, "Hii ni picha yako." Na mwanamke hakuhitaji kuuliza ni nani, kwa sababu gauni alilifahamu. Ni gauni la maua la kola ya duara, mama alilishona mwenyewe kwa mkono, na mpaka leo liko kwenye sanduku la Dorothy. Fundi hatazami uso, hutazama mshono. Kola ni ile ile, vifungo ni vile vile. Kilichomshangaza kidogo ni mabega. Gauni lilikuwa limemwangukia mvaaji, na mikono imemfunika viganja. Akajiambia kumbe mama alikuwa amekonda hivyo.

Akaiweka Fesibuku. "Pumzika mama yangu mzuri." Ee bwana! Kifo cha wengi harusi. Watu wakamiminika na mishumaa na njiwa na mioyo iliyopasuka. Mama mrembo. Mmefanana kama mapacha. Macho hayo umeyarithi mazima mazima. Wengine wakaichukua wakaipeleka kwenye kurasa zao, wengine wakaipamba mabawa. Dorothy alikuwa analia na huku anajibu kila mmoja, asante, asante mpendwa, asante, mpaka kidole gumba kikafa ganzi. Ilipofika jioni hakujua tena kama analia kwa ajili ya mama au kwa kuchoka.

Siku chache baadaye simu ikaita. Alikuwa shangazi yake Editha, dada wa marehemu baba, mkazi wa Liuli, mwenye simu ndogo ya kitochi anayoiwasha akiwa na neno tu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Doroti, mimi nimekufa lini?"

"Shangazi, unasema nini?"

"Nauliza, maana tangu jana watu wanakuja hapa. Binti wa jirani kaniona kwenye simu yake nina mabawa. Mama mmoja kafika analia mpaka mlangoni, kanikuta namenya muhogo, kidogo azimie. Mwanangu, ile picha ni mimi."

Dorothy akasema, "Gauni ni la mama."

"Gauni ni la mama yako. Aliye ndani ya gauni ni mimi."

Kitenge cha mteja kikamteleza mapajani kikaanguka vumbini, hakukiokota. Pale pale akaelewa yote. Mabega yalivyoanguka. Mikono iliyofunika viganja. Mabega ambayo mwanafunzi wa wiki ya kwanza angeyaona, na yeye ana miaka yote hii anapima watu kwa kamba. Na macho waliyoyasifu ni kweli alikuwa ameyarithi, ila kwa upande wa baba.

Alimpigia fundi wa vigae wa Songea asimamishe kazi.

"Nisimamishe mpaka lini, mama?"

"Mpaka nipate sura ya mama yangu."

Halafu akaandika kwenye ukurasa wake kwamba amekosea, kwamba yule si mama bali ni shangazi, na yu hai. Alidhani ataaibika. Laiti angeaibika! Watu wakajibu, usijali mpendwa, cha msingi upendo. Poleni sana na misiba miwili. Bado mmefanana. Mmoja akaweka njiwa mwingine. Dorothy alisoma yote hadi mwisho, akaona kwamba hapakuwa na hata mmoja aliyeuliza, sasa mama yako yuko wapi? Hakukasirika. Nguvu za kukasirika zilikuwa zimekwisha. Alifuta picha, akafuta ukurasa, akaaga kundi moja moja mpaka lile la waliokasirika, akaondoa kila kitu. Simu ikabaki ya kupiga na kupigiwa. Wateja walinung'unika, mmoja akasema fundi kaokoka, mwingine akasema kafilisika. Mchana ukawa mrefu, na mkono ukawa unaenda mfukoni wenyewe, unakuta hakuna cha kutazama, unarudi.

Mwishoni mwa juma akafunga baraza, akashuka Liuli.

Alimkuta shangazi Editha barazani, mzee mdogo wa umbo, miguu ameinyoosha juani. Wakasalimiana, wakaliliana kidogo, wakala ugali wa muhogo na dagaa wa usipa. Kisha Dorothy akauleta mkebe, akauweka katikati yao, mikono akaituliza mapajani.

"Nieleze, shangazi. Safari hii nasikiliza."

Ikawa mchana kutwa. Huyu ni mwalimu Tobias, alikuwa na baiskeli ya kwanza hapa, kila aliyetaka kupiga picha aliiazima. Hawa ni wanakwaya, huyu wa pembeni hakuwa na sauti lakini alikuwa na viatu. Hapa ni harusi ya nani vile, ngoja, ya Aurelia, yule aliyekimbia akarudi. Shangazi alikuwa anachoka, anafumba macho, Dorothy anadhani amelala, kumbe anatafuta jina. Dorothy alicheka mahali pengi. Lakini kila picha ilipopinduliwa alikuwa anatafuta uso mmoja, na uso ule haukuwapo. Kwenye kwaya mama aligeuka wakati ule ule akimkemea mtoto, kikabaki kisogo. Kwenye harusi alikuwa jikoni. Mkebe ukaisha.

"Kwa hiyo hayupo," alisema Dorothy. "Mama hayupo popote. Nitaliacha kaburi na kitambulisho."

Shangazi aliichukua ile picha ya pwani, akaisogeza karibu na macho.

"Ulikuwa na surua," alisema. "Baba yako alikuwa amezama miezi michache nyuma, na ziwa halikumrudisha. Kaka yangu Allen hakuacha picha, hata moja. Mama yako lilimkaa rohoni hilo. Akawa anasema, huyu naye akienda, nitasahau sura mbili. Sasa siku hiyo meli imetia nanga, na Hamphrey mpiga picha yumo, atakaa kwa muda wa kushusha mizigo tu, halafu basi mpaka Mungu ajue lini. Mama yako akakuchukua mbio."

"Kwa nini asikae yeye kwenye kiti?"

"Angekaaje? Alikuwa mjane, matanga hayajavunjwa. Kichwa kimenyolewa, kavaa kaniki. Wazee wasingekubali avae maua akae mbele ya watu apigwe picha. Sisi ndugu wa damu tuliruhusiwa kuvua msiba mapema, tukalime. Basi akasema, Editha, mpakate wewe. Nikakupakata. Ulilia! Ulijinyonganyonga kama kambare. Hamphrey kakasirika, meli inapiga honi. Ndipo mama yako alipokimbia nyumbani akaleta gauni lake, lile la kunyonyeshea, halijafuliwa. Akanivisha pale pale juu ya nguo zangu. Linaniburuta, unaona mikono? Ukaingiza pua hapa kifuani, ukanusa, ukanyamaza."

Dorothy alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

"Bado hukutaka kuinua uso. Hamphrey akasema mtoto atazame huku. Mama yako akaenda kusimama ubavuni mwake, na kichwa chake kitupu, akawa anakuita, Doroti, Doroti, anapiga makofi kidogo kidogo, wazee wasimsikie. Haya, itazame picha. Mimi natazama wapi?"

"Mbele. Kwenye kamera."

"Na wewe?"

Dorothy alikuwa ameiona picha ile maisha yake yote. Alikuwa ameipiga kwa simu, ameikuza, ameipunguza, ameirusha kwa mamia ya watu. Akainama. Mtoto amekonda, kichwa kikubwa, na macho yake hayako kwenye kamera. Yako pembeni yake, na mdomo umeanza kufunguka, ile namna mtoto anavyofanya akimwona mtu wake. Basi Dorothy alilia kilio ambacho hakukilia msibani, hakuwa na mtu wa kumjibu asante, na shangazi alimwacha alie mpaka kikaisha chenyewe.

Padri alibariki msalaba kabla ya mvua. Kigae kilikuja kutoka Songea, kimechapwa yule mtoto wa pwani peke yake, na fundi aliyekuwa akikoroga saruji alikigeuza mara mbili mikononi. "Mama, hapa si pa mtoto. Marehemu alikuwa mtu mzima."

Watu wa ukoo walikuwa wameshalisema hilo, tena kwa ukali. Kuweka sura ya mtu aliye hai makaburini ni kujitabiria. Hata Othmar, aliyeshuka toka Mbuji na shati la Jumapili, alikohoa akasema, "Mama Bena, fikiri vizuri." Aliyewanyamazisha ni shangazi Editha. "Mimi nimekufa mwezi mzima na mabawa juu, na ugali nakula," alisema. "Mwacheni."

Fundi akapaka saruji, akaanza kukibandika kigae katikati ya msalaba, chini ya jina.

"Hapana," alisema Dorothy. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka lakini anajua anachotaka. Akachuchumaa, akakishika mwenyewe, akakisukuma kwenye saruji mbichi mpaka pembeni, usawa wa jina, akarudi nyuma akapima kwa jicho la fundi, akakisogeza tena kidogo. "Hapo."

Kikaganda hapo. Katikati imeandikwa VIOLET, na ubavuni mtoto mwenye surua ameinua uso anamtazama.