Jua la Kalenga

"Makaa ni ya maskini. Miye natumikisha jua," Kalenga alitangaza sokoni, karibu na gare, kituo cha treni, kana kwamba jua lilikuja kwake kuomba kazi.

Aliziba mabeseni yanayovuja. Kioo kinene cha taa ya meli moja iliyokufa bandarini alikifunga kwenye fremu ya mbao yenye kamba. Akivuta, kioo kinapanda. Akilegeza, kinashuka, mpaka mwale unajikusanya kuwa nukta nyeupe kama punje ya mchele. Hapo risasi ya kuungia inayeyuka. Ukikosea kidogo tu, joto linatawanyika. Kazi aliijua. Adabu ndiyo ilimpita mbali.

Wauza ndagala walimchukia tangu alipong'oa mikeka yao ya kivuli, eti inamzibia jua. Samaki wao wakachina, wakanuka, yeye akacheka.

Siku moja ya sherehe ya chama cha Rais, Mama Mwamba, muuza ndagala wa kwanza kung'olewa mkeka, alileta beseni lake bovu. Masharti aliyasema mbele ya wote: akiliziba bila makaa, abaki; akishindwa, ahame na kioo chake. Kalenga akamwambia aanze kuzoea jua.

Beseni lilikuwa likiyumba. Bila kuomba, Kalenga akamvua Mama Mwamba kitenge cha begani, akakikunja, akakisukumia chini ya beseni. Akavuta kamba, akalegeza, akapata nukta. Risasi ikameta, ikaziba.

Fundi yeyote mwenye akili angelegeza kamba kwanza. Kalenga alinyanyua beseni juu, awaonyeshe.

Nukta ikashuka moja kwa moja kwenye kitenge. Kilikuwa kitenge cha chama, chenye picha ya Rais. Moshi ulitokea kwenye paji la uso.

Hakuna aliyecheka: kuchoma uso ule kulitosha kumfunga mtu. Vijana wa chama walikuwa ng'ambo ya barabara wakijaribu ngoma zao. Mama Mwamba alikanyaga moto, akakikunja kitenge, uso ndani, akakibana kwapani.

"Papa Kalenga, unanipa kingine sasa hivi, ao twende tukawaonyeshe wale?"

"Mama, beseni si limepona?"

"Beseni njo lako. Kaa nalo."

Kioo kilinunuliwa na mwenye boti wa Moba kabla ya saa sita. Mikeka ilirudi jioni ileile, na Kalenga hakuonekana tena pale gare.

Kitenge kipya cha chama kiligharimu zaire kumi na mbili, sawasawa na bei ya kioo.