Sale Lililokwenda Tongoni

Mama yangu si mtu wa safari. Miaka yote niliyomjua, safari yake ndefu ilikuwa kushuka Kwa Sadala siku ya soko, na hata huko alirudi akilalamika kwamba vumbi limemwingia mpaka kwenye mawazo. Kwa hiyo wanawake wa usharika wetu walipotangaza safari ya siku moja kwenda Tanga, kuona magofu ya Tongoni na kukanyaga bahari, na mama akawa wa kwanza kusema atakwenda, nilijua kuna jambo. Akaniambia nimsindikize. Nikafunga duka langu la vitambaa kule Pasua, mjini, nikapanda mlimani kulala kwake ili tuondoke pamoja alfajiri.

Jambo lenyewe nililiona wakati wa kufunga mizigo, ndani ya mkoba wake, kati ya chupa ya chai na kanga ya akiba. Lilikuwa jani la sale, limefungwa fundo.

Kwa asiyetoka kwetu, sale ni mmea wa majani marefu tunaoupanda kwenye mipaka ya kihamba, yaani shamba la ukoo lenye migomba yetu, kahawa yetu na makaburi yetu. Lakini jani lake likifungwa fundo na kupelekwa kwa mtu uliyemkosea, ni ombi la msamaha. Mtu huyo akilishika tu, maneno yamekwisha. Haliachwi mlangoni wala haliwekwi chini, lazima lipokewe na mkono wa mtu, na wazee husema halikataliwi, hata kosa liwe kubwa kiasi gani. Sisi ni Walutheri tangu enzi za bibi yangu, na mchungaji wetu akiona sale limebebwa njiani hujifanya anatazama migomba.

Nilimuuliza mama anampelekea nani. Akafunga zipu ya mkoba.

"Baba yako," akasema.

Baba alikwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge huko Tanga kabla sijaanza shule. Akapata mke mwingine huko, akasilimu, akafa na kuzikwa huko huko, mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu anayepajua. Kwetu mwanamume huzikwa kihambani. Nafasi yake ipo mpaka leo pembeni ya kaburi la babu, imeachwa wazi, na mama haruhusu hata mche wa kahawa upandwe pale. Nimekua nikiitazama nafasi hiyo kwa hasira. Wenzangu walijifunza kusuka ukili na kufuma vitambaa, mimi nilijifunza kumchukia baba, na nilikuwa hodari.

Kwa hiyo sikuelewa. Kama kulikuwa na sale la kupelekwa, lilipaswa kutoka kwake kuja kwetu. Nilimwambia mama hivyo, na hakunijibu mpaka tulipokuwa ndani ya basi, tumeshaipita Same.

Lilikuwa basi la furaha. Wanawake walivaa kitenge cha sare, na juu ya kitenge masweta, kana kwamba Tanga iko nyuma ya mlima. Kila kiti kilikuwa na hotpoti la kiburu, chakula chetu cha ndizi na maharage, chini yake. Waliimba tenzi kwa nguvu mpaka Mwanga, kisha usingizi ukawakamata mmoja mmoja, kwanza sauti ya pili, halafu ya kwanza. Mama hakulala. Alikuwa akiitazama milima ya Upare dirishani, na ndipo akaanza kusema, kwa sauti ndogo, bila kunigeukia.

Baba alipougua alimtuma mtu kutoka Tanga mpaka nyumbani kwetu na sale. Alitaka kurudi. Mama alikuwa anakama ng'ombe. Hakusimama. Alimwambia mjumbe arudi nalo alikolitoa, akaendelea kukama. Yule mtu alikaa langoni mpaka jua likawa kali, kisha akaondoka. Habari iliyofuata kutoka Tanga ilikuwa ya msiba, na mazishi yalikuwa yamekwisha.

"Sikulikataa kabisa," mama alisema. "Nilitaka asubiri kidogo. Nilitaka aonje nilichoonja, ndipo nimwite."

Tuliposhuka Mombo kunyoosha miguu, nilikwenda kusimama peke yangu nyuma ya basi. Nilikuwa nimebeba chuki ya mtu mmoja maisha yangu yote, na sasa naambiwa kwamba mtu huyo aligonga mlango. Nilimwona mama ananitafuta kwa macho kati ya wauza matunda, nikajibanza upande wa pili.

Tuliporudi ndani nilimuuliza, kwa ukali uliowafanya wa kiti cha mbele wageuke, ni nani atakayelipokea. Kaburi hatulijui. Yule mke mwingine hatumjui, wala watoto wake kama wapo. Mama akasema hata yeye hajui. Alichojua ni kwamba hatapata safari nyingine ya kwenda upande ule, magoti yake yameshamwambia. Akifa na sale lile mkononi, atakwenda kulala karibu na nafasi tupu aliyoisababisha mwenyewe.

Tanga mjini alipanda mwongozaji wetu, mwanamume wa makamo mwenye kofia ya mkeka na kipaza sauti cha mkononi. Alimsalimia mama shikamoo kabla ya wengine wote, akawatazama wanawake wenye masweta, akauliza kwa upole kama kuna mgonjwa. Masweta yakavuliwa.

Magofu ya Tongoni yako kando ya bahari, kati ya minazi na nyasi. Kuna msikiti usio na paa, kuta zake za mawe ya matumbawe zimeliwa na mvua, na pembeni makaburi mengi, mengine yakiwa yamejengewa nguzo ndefu. Karibu nguzo zote zimeanguka. Mwongozaji alituonyesha mahali ambapo zamani palipachikwa mabakuli ya kigeni, na mahali imamu aliposimama. Alirudia mara nyingi kwamba tusiokote kitu na tusiache kitu, hata ganda la ndizi, na alikuwa na haki, kwa sababu alishatuona na hotpoti.

Mama alimsikiliza kama anavyosikiliza somo la Injili. Mwongozaji aliposema kwamba waliolala pale majina yao hayajulikani tena, akauliza ndugu zao wako wapi. Akajibiwa kwamba walitawanyika zamani sana, lakini wenyeji wa pale hufagia, na wengine huja kuomba dua.

Tulipoachwa tutembee wenyewe, mama alikwenda mpaka kaburi la mwisho, lile la upande wa mikoko, ambalo nguzo yake imelala kwenye nyasi. Akafungua mkoba, akalitoa sale. Lilikuwa limenyauka. Akasimama amelinyoosha mbele, na mbele yake hapakuwa na mtu.

Wenzetu waliliona. Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Wote tumezaliwa mteremko mmoja. Aliyekuwa anapiga picha alishusha simu. Jirani yetu, ambaye ndiye kiongozi wa wanawake na mtu asiyejua kunyamaza, alijiziba mdomo kwa kiganja. Mkono wa mama ulibaki umenyooshwa, na mimi niliyekuwa karibu kuliko wote sikwenda kuushika.

Mwongozaji wa watu, yeye aliona kikongwe anataka kutupa jani juu ya kaburi. Akaja haraka, kwa adabu zote.

"Bibi, nipe nikutupie," akasema. "Hapa haturuhusiwi kuacha kitu." Akalichukua mkononi mwake.

"Amelipokea," jirani yetu akasema.

Wakamzunguka. Wote walimweleza kwa pamoja, nusu Kiswahili nusu Kichagga, na kadiri walivyoeleza ndivyo alivyoogopa. Akataka kumrudishia mama, mama akarudisha mikono nyuma. Akamnyooshea jirani, jirani akaruka kando kama aliyeonyeshwa kaa la moto. Maskini alisimama pale na kipaza sauti mkono mmoja na jani mkono wa pili, na baadhi yetu tukacheka, maana ilichekesha kweli.

Halafu jirani akasema, taratibu, kwamba pengine haifai. Mtu amelishika akidhani ni takataka, hakujua anapokea nini. Kicheko kikakatika. Niliona uso wa mama ukishuka, na sitaficha kwamba moyoni nilikubaliana na jirani.

Mwongozaji akawaomba wanyamaze. Akamuuliza mama mwenyewe kuna nini. Mama alimwambia kwa maneno machache, na hakuficha la ng'ombe wala la mjumbe langoni. Yule mwanamume alivua kofia yake, akalitazama lile jani muda kidogo.

"Bibi, mumeo alifia kwetu," akasema. "Mgeni akifia kwetu ni maiti yetu. Tulimwosha, tukamsalia, tukamzika. Basi na kilicholetwa kwa ajili yake, sisi wenyeji ndio wa kukipokea. Sasa nimejua ni nini, na nimepokea."

Akalikunja, akalitia mfuko wa shati.

Mama alishukuru, akaketi kwenye nyasi, mbali na kaburi, akaomba maji ya kunywa. Hakulia. Baadaye alishuka baharini akiwa ameshikwa mkono na jirani, akaingia mpaka vifundoni, akaonja maji kwa kidole, akauliza ni nani aliyezidisha chumvi. Walicheka mpaka wakashikana mabega. Nilikuwa ufukweni nalinda viatu vyao.

Njia nzima ya kurudi waliimba, na safari hii hawakulala. Kila mmoja alikuja kumpongeza mama, wengine wakamshika mashavu kama bibi harusi. Nilitazama dirisha la upande wa pili. Baba aliombwa radhi mbele ya basi zima, na mimi niliyekua bila baba nilikuwa nimepakata hotpoti.

Asubuhi yake sikutaka hata kunywa chai kwake. Nilikusudia kumkamia ng'ombe, kwa sababu ya magoti yake, kisha nishuke mjini, na nisipande tena huku mlimani mpaka nitakapojisikia. Nilikuwa nimechuchumaa, ndoo ikiwa imefika nusu, nilipoona miguu yake mlangoni mwa banda. Ilikuwa na udongo mbichi. Alikuwa ametoka kwenye ile nafasi ya baba, na baadaye nilikuta ameshachimba mashimo mawili ya migomba.

Mikono yake aliiweka nyuma. Alipoileta mbele alikuwa ameshika sale. Nilidhani amelichuma mpakani asubuhi ile, lakini lilikuwa limenyauka, limekunjika mkunjo wa mkoba, na ndani ya fundo kulikuwa na mchanga mweupe.

"Nilibeba mawili," akasema. "Hili nililitembeza mpaka baharini na kulirudisha. Kwako niliogopa zaidi."

Ningependa kuandika kwamba moyo wangu uliyeyuka. Haukuyeyuka. Nilikuwa na hasira ya siku moja tu, changa kabisa, na niliona nina haki ya kuikuza kidogo. Ulimi ulikuwa tayari. Nilitaka kumwambia aliweke pale juu ya gogo, tutaongea nikimaliza, anisubiri kidogo.

Kisha nikasikia neno lenyewe kabla sijalitamka. Nikatazama ndoo, nikatazama mikono yangu kwenye chuchu za ng'ombe.

Nikaacha kukama, nikasimama, nikanyoosha mikono yote miwili.